Weupe wa Chini ya Jahazi



Wengi wenu mnalifahamu eneo hili la Shahe hata kama hamjafika Guangzhou, maana nguo zake zimekwisha wafikia. Hapa ndipo wafanyabiashara wetu wa Kariakoo, Darajani na Eastleigh hudamka kabla ya alfajiri kuchagua magauni na blauzi za jumla, na inapofika adhuhuri maduka mengi yamekwisha fungwa na marobota yako njiani kwenda kwa wasafirishaji. Lakini safari hii hatutazungumza bei za nguo. Tutazungumza juu ya rangi nyeupe, na jinsi ilivyotutia aibu mbele ya watoto wetu.

Sisi tunaoishi hapa na familia zetu tuliamua kuwaundia watoto jahazi dogo la mfano, lenye urefu wa mkono mmoja, ili wavijue vyombo vya pwani walikotoka wazazi wao. Mkuku tukaunga, mbao tukapinda, mlingoti na foromali vikasimama. Katika picha za zamani tulizozifuata, sehemu ya chini ya chombo, ile izamayo majini, ilikuwa nyeupe. Basi tukanunua kopo la akriliki nyeupe na brashi, tukaanza kupaka. Hapo mtoto mmoja akauliza:

"Mjomba, kwa nini chini ni peupe na juu siyo?"

Tukatazamana. Mwenzetu mmoja akajibu, "Pambo tu, mwanangu." Mtoto akaridhika, lakini sisi hatukuridhika. Jioni ile tukampigia simu mzee mmoja wa Nungwi, ambaye ujana wake wote ulipita katika kuunda vyombo. Alicheka mpaka akakohoa.

"Pambo? Ile ni dawa, wanangu. Chombo bila deheni huliwa kingali hai."

Deheni, kwa wasioijua, ni chokaa iliyochanganywa na shahamu. Pwani yetu chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe. Bahari yetu ya joto ina wadudu wanaotoboa mbao, huingia na tundu dogo kama la sindano, kisha huchimba ndani mpaka ubao ubaki ganda. Kwa hiyo mabaharia walingojea bamvua, maji yakipwa sana wakakilaza chombo mchangani, wakakikwangua, wakatia kalafati palipofunguka, kisha wakapaka deheni kwa mikono. Sehemu ya juu, isiyozama, ilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ndiyo sababu ilibaki na rangi ya mbao. Deheni nayo haikudumu. Baada ya miezi michache ilichakaa, na kazi ikaanza upya. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walijua wanalosema. Kwa kifupi, weupe ule ulikuwa alama ya kazi: ukiona chombo cheupe chini, ujue kina watu wanaokitunza.

Na weupe huo umepata kufika katika mji huu huu tunaoishi. Mwaka 1980, kule Sur, Oman, liliundwa jahazi lililoitwa Sohar, kwa ufadhili wa Sultan Qaboos na uongozi wa msafiri na mwandishi Mwingereza Tim Severin. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na chini likapakwa chokaa na mafuta kama ilivyokuwa desturi. Liling'oa nanga Muscat mwezi wa Novemba 1980, likafika Guangzhou Julai 1981, likifuata njia ya wafanyabiashara wa kale waliouita mji huu Khanfu. Leo ipo kumbukumbu ya safari hiyo katika bustani ya Zhoutouzui, kando ya Mto wa Lulu. Wasuri si wageni kwetu. Kwa karne nyingi vyombo vyao vilishuka na kaskazi hadi Lamu na Unguja, vikarudi na kusi. Kwa hiyo tukipita Zhoutouzui tunapita mahali palipotia nanga chombo cha jamaa zetu.

Huenda msomaji akasema, hayo ni ya majahazi makubwa, mfano wa kuchezea wahusiani? Tumkumbushe habari ya mtepe. Mtepe ulikuwa chombo cha kushonwa cha visiwa vya Lamu, chenye tanga la mkeka, na ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ilipofika mwaka 2003, mafundi wa Zanzibar walipotaka kuunda mtepe mpya, hapakuwa na hata mmoja uliosalia wa kuutazama. Ilibidi kutegemea picha za zamani na mifano midogo iliyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Chombo hicho, kilichopewa jina la Shungwaya, kikawekwa katika Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Hivyo ndivyo mambo yalivyo: kikubwa huweza kutoweka, na kidogo kikabaki kuwa shahidi. Lakini shahidi akikosea, kosa lake litarithiwa. Laiti tungelipaka jahazi letu jeupe juu na chini ili lipendeze, mtoto angekua akiamini hivyo.

Tukarudi kazini, na hapo tukagundua kwamba nyeupe ni rangi ngumu kuliko zote. Tulipaka nzito ili tumalize mara moja. Ikakauka na mistari ya brashi kama shamba lililolimwa, na bado weusi wa mbao ukaonekana kwa chini. Sababu yake ni hii: nyeupe huficha kwa kuutawanya mwanga, na utando mmoja wa rangi hautoshi kuuzuia mwanga usifike kwenye mbao nyeusi na kurudi. Ukiongeza unene, akriliki hukauka haraka juu, na brashi ikirudi mara ya pili huuchana utando uliokwisha anza kushika.

Tukasugua yote kwa msasa laini. Tukapaka kwanza rangi ya kijivu hafifu, ili nyeupe isipambane na mbao. Kisha tukaizimua nyeupe kwa maji kidogo mpaka ikawa kama maziwa, tukatumia brashi pana na laini, tukaivuta kutoka omo hadi tezi kwa mkondo mmoja bila kurudia, tukaacha ikauke kabisa ndipo tupake tena. Jirani yetu Mchina alipotuona alisema tunafanya kama wapishi wa shahefen, zile tambi pana nyeupe za mchele zilizochukua jina la mtaa huu: uji wa mchele humwagwa mwembamba juu ya sinia na kupikwa kwa mvuke, na ukimwagwa mzito huharibika. Mkono wa tano ndio uliotupa weupe tuliouhitaji. Haba na haba hujaza kibaba.

Nyeupe ya kopo letu si chokaa, ni titani. Zamani wachoraji wa dunia walitumia nyeupe ya risasi, yenye sumu. Nyeupe ya titani ilianza kutengenezwa viwandani katika miaka ya 1910, na akriliki ya kuzimuliwa kwa maji ikaenea tangu miaka ya 1950. Leo China ndiyo mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa nyeupe hiyo. Na mchanga wa kuitengenezea umepata kutoka kwetu pia: huko Kwale, kusini ya Mombasa, mgodi wa Base Titanium ulipeleka shehena yake ya kwanza mwaka 2014 kupitia Likoni, na sehemu kubwa ya ilmenaiti yake ikauzwa China, mpaka uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Chembe ya rangi haina pasipoti, lakini tulipowaeleza watoto habari hiyo walilitazama kopo kwa jicho jingine.

Mwisho tulimtumia yule mzee picha. Akatujibu kwamba ni jeupe mno, kwani weupe wa deheni si weupe wa friji. Tukatia tone la rangi ya udongo katika mkono wa mwisho, na tukalichafua kidogo pale maji yanapogusa. Akasema sasa linafanana na chombo kilichosafiri.

Siku hizi vyombo vingi nyumbani hupakwa rangi za viwandani, na wanaojua kuchanganya deheni wanapungua mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo, ndugu zetu mlioko Muscat, London, Toronto na kwingineko, kama mna mzee aliyewahi kulaza chombo mchangani, mpigieni simu wiki hii, na watoto wakiwa karibu.

Sisi tumekwisha mjibu yule mtoto upya. Jahazi lake lipo juu ya rafu, kati ya marobota, na kila mgeni akiuliza kwa nini chini ni peupe, yeye ndiye anayejibu.