Fumo Liyongo na Mji Ulioshikwa na Kiu

Masimulizi ya pwani ya kaskazini ya Kenya yanasema Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa Shaka, hakuuawa kwa mkuki wala mshale. Mfalme wa Pate, kwa kuhofia ufalme wake, alimfunga gerezani. Mama yake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, lakini walinzi walikula vinono wakamwachia makombo. Ndipo ukaokwa mkate wa wishwa, tupa ikiwa ndani. Walinzi waliudharau, ukamfikia. Ngoma ya gungu ilipovuma na kufunika sauti ya tupa, Liyongo akakereza minyororo, akatoroka.

Aliyemmaliza ni mwanawe wa kumzaa, aliyerubuniwa kwa ahadi za mfalme. Alimchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Liyongo akaenda kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa vivyo hivyo. Siku kadhaa hakuna aliyethubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Watu wakamsihi mama yake aje kumtuliza, na huo ndio uchungu mkubwa wa kisa hiki: alimbembeleza mwana ambaye tayari alikuwa maiti.

Yule kijana aliyemchoma baba yake hakupata alichoahidiwa, aliugua akafa. Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitungia kisa hiki utenzi mwaka 1913.