Pembe Nane za Kontena

Mwaka 1954 meli ya Marekani iitwayo Warrior iling'oa nanga Brooklyn, New York, kuelekea Bremerhaven, Ujerumani. Watafiti walioifuatilia safari hiyo walihesabu mzigo wote: makasha, katoni, magunia, mapipa, marobota, hata magari. Jumla vilikuwa vipande 194,582, vyenye uzito wa takriban tani 5,000. Vipande hivyo vilishushwa kwenye malori, vikarundikwa ghalani, vikatolewa tena, vikainuliwa kwa winchi, kisha makuli wakavipanga tumboni mwa meli kwa mikono yao. Kupakia peke yake kulichukua siku sita. Hesabu zilipofungwa, safari yenyewe ya kuvuka Atlantiki haikufika hata asilimia 12 ya gharama zote. Kazi ya bandarini ndiyo iliyokula zaidi ya theluthi.

Ughali wa usafiri wa majini, basi, ulikuwa nchi kavu. Haishangazi kwamba aliyeutafutia dawa alikuwa mtu wa malori.

Malcom McLean alizaliwa North Carolina mwaka 1913, akaanza biashara ya uchukuzi kwa lori moja kuukuu mwaka 1934. Miaka ishirini baadaye alikuwa miongoni mwa wenye malori wakubwa Marekani. Mwaka 1955 aliachana na malori, akanunua kampuni ya meli. Masanduku makubwa ya kubebea mizigo yalikuwapo tangu zamani. Reli za Uingereza na Marekani zilishayatumia. Jipya la McLean lilikuwa kuvihesabu lori, kreni, gati na meli kuwa mnyororo mmoja, na kuunda kila kimoja kimfae mwenzake.

Tarehe 26 Aprili 1956, meli yake Ideal X, ya mafuta iliyobaki kutoka Vita vya Pili vya Dunia, iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58 sitahani. Wakati ule kupakia tani moja ya mzigo wa kawaida melini kuligharimu karibu dola sita. Kwa Ideal X gharama ilishuka hadi senti 16 hivi.

Siri iko pembeni

Sogelea kontena lolote utazame pembe zake. Kila moja ina kipande kinene cha chuma cha kusubu, kirefu kidogo kuliko kiganja, chenye matundu ya duaradufu. Vipo vinane, vinne juu na vinne chini. Kuta za bati la migongo hazibebi uzito wa makontena yaliyopangwa juu yake. Uzito wote hushuka kupitia nguzo nne za pembeni. Kreni nayo hushika pembe hizo hizo. Komeo la chuma huingia tunduni, huzungushwa robo duara, na mzigo umefungwa, iwe kwenye trela, behewa au juu ya kontena jingine.

Mhandisi Keith Tantlinger ndiye aliyemtengenezea McLean mfumo huo. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa kila kampuni ilikuwa na vipimo vyake. McLean alitumia futi 35. Matson, iliyohudumia Hawaii, ilitumia futi 24. Kontena la huyu halikufaa kreni ya yule. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, likawaita wahusika mezani, na kampuni ya McLean ikakubali kuachia haki ya ubunifu wa pembe zake ili wote wautumie. Mwaka 1965 kamati iliyokutana The Hague ilipitisha pembe ya pamoja iliyotokana na ubunifu huo. Kampuni ilitoa siri yake bure, na biashara ya dunia nzima ikapata kipimo kimoja. Kwangu mimi, hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote katika historia hii.

Kila mzigo na kontena lake

Kontena la kawaida, lile kavu la futi 20, lina urefu wa mita 6.06, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59. Ndilo linalotumika kupimia ukubwa wa meli. Kubwa kabisa za leo hubeba zaidi ya 24,000 ya namna hiyo. La futi 40 lina nafasi maradufu, lakini uzito wa juu unaoruhusiwa kwa kawaida ni ule ule wa tani 30 na ushei, pamoja na kontena lenyewe. Kwa hiyo mwenye vigae au saruji hukodi la futi 20, na mwenye samani au magodoro huchukua la futi 40, hasa lile refu lenye kimo cha mita 2.90.

Mtambo usiopita mlangoni huteremshwa kwa kreni ndani ya kontena lisilo na paa, kisha hufunikwa turubai. Trekta au boti hufungwa kwenye kontena bapa, lililobakiwa na sakafu na kuta mbili za mwisho. Mafuta ya kula, kemikali na vinywaji husafiri katika tangi la zaidi ya lita 20,000 lililozungushiwa fremu ya chuma. Yote haya yana pembe zile zile nane, na kreni ile ile huyashika.

Linalodai uangalifu zaidi ni kontena la baridi. Mashine yake hukaa ukutani, upande usio na mlango, na husukuma hewa baridi chini ya sakafu yenye mifereji ili ipande katikati ya mzigo. Linahitaji umeme melini, uwanjani na hata barabarani. Parachichi za Murang'a au Njombe husafiri humo kwa nyuzi chache juu ya sifuri, mara nyingi katika hewa iliyopunguzwa oksijeni ili zisiive njiani. Mashine hiyo imeundwa kutunza ubaridi uliokwishapatikana. Tunda likiingizwa na joto la shambani, litafika limeharibika.

Makuli na makontena

Kabla ya kontena, bandari haikwenda bila makuli, nao walijua nguvu yao. Migomo ya Mombasa na Dar es Salaam mwaka 1947, na ya Zanzibar mwaka 1948, iliitikisa serikali ya kikoloni. Kontena liliondoa nguvu hiyo kila lilikofika. Gati za kale za London zilifungwa moja baada ya nyingine, za mwisho mwaka 1981. Katika pwani ya magharibi ya Marekani, chama cha makuli chini ya Harry Bridges kilikubali mashine mwaka 1960, lakini kwa masharti: pensheni na ulinzi wa ajira kwa waliokuwamo kazini. Mkataba ule ungali funzo kwa kila anayeleta mashine kazini leo.

Kwa maeneo yaliyo mbali na bahari, kontena lilileta nafuu kubwa. Bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1984, mamia ya kilomita kutoka baharini. Mzigo wa Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia au mashariki ya Kongo huweza kutoka gatini na lakiri yake hadi kwa mwenyewe bila kufunguliwa.

Lakini makontena mengi yanayoingia Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yamejaa huondoka matupu. Yaliyochakaa hubaki na kugeuzwa maduka, zahanati na madarasa. Mengine hurudishwa Asia bila kitu. Gharama ya kuyarudisha matupu huingizwa katika nauli ya kuyaleta, na mnunuzi wa dukani ndiye anayeilipa. Kinachokosekana ili yaondoke yamejaa ni vyumba vya kupozea mazao karibu na mashamba, na viwanda vya kufungasha na kusindika. Serikali zetu zimetumia fedha nyingi kuchimba vina na kujenga gati. Sasa ziwekeze kwa bidii ile ile kwenye mzigo wa kurudi, maana gati bora bila bidhaa za kuuza nje hutuharakishia manunuzi tu.