Wasiojiweza na Kujitegemea: Mafunzo ya Kazi kwa Watu Wenye Ulemavu Tanzania Bara tangu 1950

Azimio la Arusha la mwaka 1967 linafahamika kwa siasa yake ya ujamaa na kujitegemea. Sehemu inayoeleza maana ya nchi isiyo na unyonyaji haijasomwa sana kwa jicho la watu wenye ulemavu, ingawa inawagusa moja kwa moja. Inaeleza kwamba katika nchi ya ujamaa kila mwenye uwezo hufanya kazi, kisha inataja makundi yenye haki ya kuishi kwa jasho la wengine, nayo ni watoto wadogo, wazee wasioweza tena kujitunza, vilema, na wale ambao dola imeshindwa kwa wakati huo kuwapatia kazi. Nia ilikuwa ya huruma, na katika nchi maskini iliyotoka kutawaliwa haikuwa ahadi ndogo. Hata hivyo, makundi hayo manne hayalingani. Mtoto hukua akatoka katika kundi lake. Mzee ameingia humo baada ya kufanya kazi maisha yake yote. Asiye na kazi hutoka siku anayopata kazi. Kilema peke yake aliingizwa bila kuonyeshwa mlango wa kutokea. Siasa iliyolifanya neno kujitegemea kuwa wimbo wa taifa zima ilimhesabu yeye miongoni mwa wanaotegemea.

Msamiati wa wakati huo ulikuwa na mwelekeo uleule. Kilema, kiwete, kipofu na kiziwi ni majina ya ngeli ya KI-VI, ngeli ya vitu, ijapokuwa katika sentensi huchukua upatanisho wa viumbe hai, kwa kuwa Mswahili husema kipofu amefika, wala hasemi kipofu kimefika. Mabadiliko ya baadaye, kutoka kilema hadi mlemavu na kisha mtu mwenye ulemavu, yaliwahamisha watu hao hadi ngeli ya A-WA. Wapo wanaoyaona mabadiliko hayo kuwa ni adabu tu ya maneno. Lakini neno lililokuwa na uzito zaidi katika historia ya mafunzo ya kazi halikuwa kilema, bali wasiojiweza. Kitenzi chake hubeba hukumu nzima, kwa maana kwamba mtu huyu hana uwezo juu ya nafsi yake. Chuo kinachofunguliwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo huanza kazi kikiwa kimekwisha kukata tamaa kwa nusu.

Mafunzo yenyewe yalitangulia uhuru. Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wasioona Buigiri, karibu na Dodoma, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa shule ya kwanza ya elimu maalumu nchini. Katika miaka ya 1960 madhehebu mengine yalifuata nyayo. Kanisa Katoliki lilifungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, na Walutheri wakaanzisha shule ya wasioona Irente, Lushoto. Mwaka 1966 Uhuru Mchanganyiko, jijini Dar es Salaam, ilianza kuwasomesha wasioona pamoja na wanaoona, jambo lililokuwa geni kwa wakati wake. Sambamba na nukta nundu, shule za namna hii zilifundisha kazi za mikono, hususan ususi wa vikapu na mikeka, ufumaji na bustani. Sababu zilieleweka. Ukindu ulipatikana kwa urahisi, kazi ilihitaji vidole zaidi kuliko macho, na walimu wa kimisionari walikuwa wameiona ikifanywa katika taasisi za wasioona za Ulaya. Ambalo halikupimwa sana ni soko. Katika vijiji vya pwani na bara, mkeka ulisukwa nyumbani na akina mama, ukatumika nyumbani, na ulipouzwa uliuzwa kwa bei ndogo. Kijana aliyerudi kwao na ufundi huo alirudi na kazi ambayo majirani zake waliifanya wakati wa mapumziko.

Kazi moja ilitofautiana na hizo, nayo ni ya opareta wa simu. Ilikuwa kazi ya ofisini yenye mshahara wa mwezi, na wasioona waliifanya vizuri kwa sababu ilitaka sikio jepesi, kumbukumbu ya namba na sauti yenye heshima. Mwajiri hakuajiri kwa sadaka, kwa kuwa alihitaji mtu wa kuunganisha simu na mtu huyo aliziunganisha. Kwa muda mrefu swichibodi ilikuwa miongoni mwa nafasi chache ambamo asiyeona angeweza kupatikana katika wizara, benki au shirika la umma kama mfanyakazi miongoni mwa wafanyakazi. Ubinafsishaji wa mashirika ya umma, mitambo ya simu inayojiunganisha yenyewe, na hatimaye simu za mkononi, viliifuta kazi hiyo bila mtu yeyote kukusudia kuwadhuru wasioona. Funzo lake kwa historia hii ni zito kuliko lile la vikapu. Kikapu kilishindwa kwa sababu hakikuwa na soko tangu mwanzo. Swichibodi ilikuwa na soko, ila kundi zima lilielekezwa kwenye mlango mmoja, na mlango ulipofungwa hapakuwa na mwingine.

Katika muongo wa 1970 serikali ilichukua nafasi kubwa zaidi. Chuo cha Yombo, Dar es Salaam, kikawa kitovu cha mafunzo ya ufundi kwa watu wenye ulemavu, na kwa nyakati mbalimbali mtandao wa vyuo vya serikali ulihusisha pia Singida, Luanzari mkoani Tabora, Masiwani mkoani Tanga, Mirongo mkoani Mwanza na Mtapika wilayani Masasi. Fani zilibadilika, na badala ya ususi peke yake palikuwa na ushonaji, useremala, uchomeleaji na kilimo. Vyuo hivi vilikuwa vya bweni, na hapo pana mvutano unaostahili kutazamwa. Bweni lilimpa mwanafunzi kile ambacho nyumbani hakukuwa nacho: njia isiyo na vikwazo, wenzake wa hali moja, na watu wasiomhurumia kila saa. Lakini lilimfundisha ufundi mahali asipokwenda kuufanyia. Cherehani ilibaki chuoni. Mhitimu aliyerudi wilayani bila cherehani, bila mtaji na bila chumba cha kazi alikuwa fundi kwa cheti tu. Baadaye vyuo kadhaa kati ya hivyo vilifungwa kwa miaka mingi kabla ya serikali kuanza kuvifufua.

Mwaka 1981 ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria mbili zinazofuatana kwa namba. Sheria Namba 2 ya 1982, ya ajira, ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi kutenga asilimia 2 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Sheria Namba 3, ya matunzo, iligawa wajibu wa kuwatunza kati ya familia, serikali na mashirika. Zikisomwa pamoja, sheria hizi ni kama watu wawili wanaozungumza bila kusikilizana. Ya kwanza inamwona mtu mwenye ulemavu kuwa mfanyakazi anayebaguliwa, ilhali ya pili inamwona kuwa mzigo unaotafutiwa mbebaji. Mwaka 1983 ikafuata Sheria ya Nguvu Kazi, na ombaomba wa mijini wakawa miongoni mwa waliosombwa na kurudishwa vijijini. Kwa hiyo mtu mwenye ulemavu aliyekaa kando ya barabara ya Dar es Salaam angeweza, ndani ya miaka miwili, kuahidiwa ajira, kuahidiwa matunzo, na kupakiwa kwenye lori.

Mgawo wa asilimia 2 haukutekelezwa kwa kiwango kilichotarajiwa. Walioendelea kuudai ni watu wenye ulemavu wenyewe kupitia vyama vyao. Chama cha Wasioona kilikuwapo tangu miaka ya 1960, Chama cha Viziwi kikaundwa katika miaka ya 1980, na mwaka 1992 vyama hivyo na vingine vikaunda shirikisho, SHIVYAWATA. Madai yao yaligeuza swali. Badala ya kuuliza ni kazi gani inamfaa kiziwi, waliuliza ni nini kinachomzuia kiziwi kuifanya kazi anayoitaka, na mara nyingi jibu lilikuwa ukosefu wa mkalimani. Sera ya Taifa ya mwaka 2004 ilichukua sehemu ya lugha hiyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliridhiwa mwaka 2009, na Sheria Namba 9 ya 2010 ikazifuta zile mbili za 1982, ikapandisha mgawo hadi asilimia 3 na kuwagusa waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi.

Wakati sheria zikipita katika hatua zake, Iringa lilitokea jambo dogo lenye umuhimu wake. Mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana, karakana ya Neema Crafts ilianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ilikua ikaongeza ufumaji, ushonaji na mgahawa unaohudumiwa na viziwi. Katika mgahawa huo mteja anayesikia ndiye anayelazimika kujifunza, kwa kuandika anachotaka au kujaribu ishara alizowekewa. Inaweza kusemwa kwamba karakana hii bado ni ya kanisa na inategemea wageni, na hoja hiyo ina ukweli. Ila soko lilitafutwa kwanza, na mshahara ukalipwa mahali palepale ufundi ulipofundishwa, mambo mawili ambayo ukindu na bweni havikuweza kuyatoa.

Kazi iliyowainua wengi mijini, hata hivyo, haikuwa katika mtaala wa chuo chochote cha watu wenye ulemavu. Bajaji ina magurudumu matatu, usukani wake ni wa mikono, na breki inaweza kuhamishwa kutoka mguuni. Fundi wa mtaani aliweza kuirekebisha kwa ajili ya dereva asiyetumia miguu. Jijini Dar es Salaam madereva hao waliunda umoja wao, wakawa wanabeba abiria hadi katikati ya jiji, eneo ambalo bajaji nyingine zilizuiwa. Ruhusa hiyo ikaja kuwa chanzo cha mgogoro. Juni 2017 walikusanyika kudai haki ya kuendelea kuingia katikati ya jiji, na polisi wakawatawanya kwa nguvu. Picha za watu wakiburutwa mbali na magongo na vyombo vyao zilienea nchini. Miongo mitatu baada ya Nguvu Kazi, waliokuwa wakiondolewa barabarani safari hii walikuwa na leseni, abiria na marejesho ya mikopo.

Mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa ilirekebishwa ili halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kanuni za awali zilidai kikundi. Sharti hilo lilikuwa gumu kwa mtu anayeishi peke yake wa hali yake katika kijiji kizima, na marekebisho ya mwaka 2021 yakaruhusu hata mtu mmoja mwenye ulemavu kukopeshwa. Mikopo ilisitishwa mwaka 2023 kutokana na kasoro za usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024. Miongoni mwa vitu ambavyo halmashauri zimewakopesha watu wenye ulemavu kwa fedha hizo ni cherehani na bajaji.