Bloku Kubwa, Msingi Uleule

Binamu yangu alinipigia simu saa kumi na moja asubuhi akiwa Kiamaiko, nyama ya mbuzi ikiwa imefungwa nyuma ya pikipiki, injini ikitoa moshi wa buluu. "Hii kitu imechoka," akasema. "Nataka kuweka bloku ya mia hamsini. Wewe si ulisoma uhandisi? Kuja tuongee na fundi."

Uhandisi niliusoma mwaka mmoja na nusu, karo ikaisha, nikarudi Huruma kuandika makala za watu. Lakini nikaenda. Na nilivyokuwa pale nikisikiliza, nikaona kwamba swali la binamu yangu ni la zamani kuliko pikipiki yake. Hapa Eastlands tumekuwa tukiongeza ukubwa wa vitu vidogo tangu zamani, na si kila mara tumeuliza kama chini panaweza kubeba.

Anza na injini yenyewe. Nyingi ya zile 125 za Kichina zinazopiga kazi Nairobi ni wajukuu wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Honda waliitengeneza wakifikiria nchi kama yetu: vumbi, mzigo kupita kiasi, na oili inayokaa hadi igeuke lami. Haina cheni ya taimingi. Valvu zinasukumwa na vijiti vya chuma. Viwanda vya China vikaiiga, vikaiweka kwenye pikipiki, tuktuk, hata zile kwadi za magurudumu manne ambazo watalii wanaendesha kwa mchanga. Kwa hivyo mwenye kwadi ndogo na mtu wa boda wa Kiamaiko wanaulizana swali moja: nikipanua tundu, nitapata nguvu ngapi?

Hapa kwetu injini hiyo ilifika kwa wingi baada ya 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi sisi 250. Kabla ya hapo, bodaboda ilikuwa baiskeli ya Busia, ya kuvusha watu mpakani tangu miaka ya 1960. Baiskeli ilibeba mtu mmoja na kibegi. Pikipiki ikaanza na mtu mmoja, ikabeba wawili, halafu magodoro, halafu mbuzi watatu waliochinjwa kutoka Kiamaiko hadi soko la Burma. Mzigo ulikua, injini ikabaki ileile.

Sasa hesabu, na hii ndiyo kitu pekee nilichotoka nacho chuoni. CG125 ina tundu la milimita 56.5, na pistoni inasafiri milimita 49.5. Hiyo ni kama sisi 124. Ile ya 150 ina tundu la milimita 62, lakini safari ya pistoni ni ileile, 49.5. Inafika karibu sisi 149. Yaani milimita tano na nusu tu za upana zinakupa asilimia 20 zaidi, kwa sababu upana unajizidisha wenyewe. Ndiyo maana bloku kubwa inavutia hivi. Ukiitazama mezani unaona tofauti ndogo sana.

Fundi wetu, mzee wa karakana karibu na Kariobangi Light Industries, hakuhitaji kalamu. Alichukua bloku ya 62, akaigeuza, akatuonyesha ile shingo ya chini inayoingia kwenye nyumba ya krenki. "Hii ni nene," akasema. "Kwa yako haitaingia bila kuchonga mdomo. Na nikichonga, ukuta unabaki mwembamba. Mimi naweza kuchonga, kijana yangu. Lathe iko. Swali ni kama wewe unaweza kulala."

Halafu akaendelea kuhesabu kwa vidole. Kichwa cha 125 ukikiacha juu ya tundu la 62, kompresheni inapanda: injini ya tisa kwa moja inapita kumi na nusu. Joto linaongezeka, petroli inaanza kugonga kabla ya wakati. Kabureta inataka jeti kubwa, la sivyo plagi inarudi nyeupe na pistoni inayeyuka. Klachi inateleza. Breki ni zile zile za ngoma. Krenki na beringi zake zilipimwa kwa 125. "Wachina wenyewe walipotoa 150," akasema, "hawakubadilisha bloku peke yake. Walioongeza juu waliongeza na chini."

Sikusema kitu, lakini nilijua mahali akili ilikuwa imeenda. Ya binamu yangu pia.

Nyanya yetu anakumbuka Huruma ya nyumba za chini, mtu akipika nje jirani anajua ni maharagwe. Ploti ni zile zile. Leo juu yake kuna ghorofa sita, saba, na nguo zinaning'inia hadi hujui kama kuna jua. Kila mwenye ploti alipiga hesabu kama ya binamu: ardhi ileile, upana kidogo, ghorofa moja zaidi, kodi zaidi. Na nyingi zimesimama. Lazima niseme hivyo, kwa sababu mimi mwenyewe nalala kwa moja, ghorofa ya tano, na nisingepata chumba bila huyo aliyeongeza.

Lakini usiku wa 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa sita lilianguka hapa Huruma. Watu zaidi ya 40 walikufa. Mtoto mchanga alitolewa akiwa hai baada ya zaidi ya siku tatu, na mtaa mzima ukalia kwa furaha na huzuni kwa pamoja. Tulikuwa wanafunzi bado. Tulikaa nje na blanketi, kila mtu akitazama nyumba yake kama mgeni. Baadaye tukasikia maafisa wakisema halikuwa limeidhinishwa kukaliwa na watu. Waliokuwa wakilipa kodi pale hakuna aliyewauliza kama wanaweza kulala.

"Unataka mwendo ama unataka kazi?" Fundi akamuuliza binamu.

"Kazi."

"Basi mimi nitakwambia ukweli hata kama napoteza pesa."

Pikipiki haikuwa imekosa ukubwa. Ringi zilikuwa zimeisha na tundu limelika. Dawa ilikuwa kuboa: bloku ileile, pistoni ya milimita 57, nusu milimita tu juu ya ile ya kiwandani. Sisi mbili za ziada, basi. Na kwa ule mlima wa kutoka bondeni Mathare hadi Juja Road, sproketi ya nyuma yenye meno mawili zaidi. Mwendo wa juu unapungua, lakini mzigo unapanda.

Binamu alinyamaza. Nilijua kinachomuuma. Stejini kwao kuna jamaa aliyechonga na kuweka 62, na kwa miezi kadhaa aliwapita wote hadi krenki ilipoanza kulia. Na binamu bado analipia mkopo wa hiyo nduthi. Hakuna mtu anayetaka kusikia kwamba jibu lake ni sisi mbili.

"Na nikitaka 150 kweli?" akauliza.

"Weka akiba, nunua injini nzima ya 150. Chini na juu. Halafu nenda ubadilishe logbook, kwa sababu imeandikwa 125."

Tulirudi jioni. Fundi alimwambia aende polepole kilomita 500 za kwanza, ringi zikubaliane na ukuta. Moshi ulikuwa umeisha. Pale Outer Ring Road pikipiki nyingine ikatupita kwa kelele, na nikahisi mkono wa binamu ukitaka kukaza mafuta. Hakukaza. Akaniacha mlangoni kwetu, nami nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tano, nikihesabu.