Maria Matilda Munaku: Shahidi Aliyeachwa Hai
Mwaka 1882 wamisionari Wakatoliki waliondoka Buganda, wakavuka Ziwa hadi Bukumbi, karibu na Mwanza. Hawakurejea mpaka mwaka 1885. Katika kipindi hicho waumini walifundishana wenyewe. Miongoni mwao akatokea Noe Mawaggali, mfinyanzi wa Mityana, aliyeuawa tarehe 31 Mei 1886 kwa ajili ya Kristo. Umbu lake Munaku, akiwa bado hajabatizwa, hakukimbia. Aliwaendea wauaji, akaomba afe kama kaka yake. Wakamchukua mateka. Wamisionari wakamkomboa, akabatizwa Maria Matilda. Hakuolewa kamwe, akadumu katika imani hadi kufariki mwaka 1934. Noe alishuhudia kwa kufa. Munaku kwa kuishi miaka 48. Sharika zetu kandokando ya Ziwa zinawajua akina mama wa namna hiyo.