Elimu ya watoto wenye usonji Zanzibar

Elimu ya watoto wenye usonji Zanzibar inahusu namna watoto wenye usonji (huitwa pia otizimu) wanavyofundishwa katika skuli za Unguja na Pemba. Badala ya kujenga skuli za usonji peke yake, Zanzibar imefuata zaidi njia ya elimu mjumuisho, ambamo mtoto mwenye ulemavu husoma pamoja na wenzake katika skuli ya karibu na kwao.

== Usonji ==
Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Hauambukizi, wala hausababishwi na malezi mabaya. Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto nchini Marekani, aliueleza kitabibu mwaka 1943. Mtoto mwenye usonji hupata shida katika mawasiliano na katika kuchanganyika na watu. Wengi hupenda utaratibu usiobadilika, na baadhi husumbuliwa na kelele, mwanga au kuguswa. Wapo wasiosema kabisa, na wapo wanaowapita wenzao darasani.

Kwa kuwa usonji hauonekani mwilini, mtoto huweza kudhaniwa kuwa ni mtukutu au ana shetani. Wengine huachwa majumbani.

== Historia ==
Tarehe 23 Septemba 1964 serikali ya Mapinduzi chini ya Sheikh Abeid Amani Karume ilitangaza elimu bila malipo na bila ubaguzi. Hata hivyo, skuli za kawaida hazikuwa na walimu wala vifaa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili. Baadaye yaliwekwa madarasa maalumu katika skuli chache, zikiwemo Kisiwandui, jirani na Mlandege, na Jang'ombe. Katika mpango wa namna hiyo, mtoto mwenye usonji huingizwa katika kundi la wenye ulemavu wa akili, ingawa hali hizo mbili si kitu kimoja.

Mwaka 1994 mkutano wa Salamanca, Hispania, ulizitaka serikali zipokee watoto wote katika skuli za kawaida. Mwaka 1999 iliundwa ZAPDD, jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili Zanzibar. Mwaka 2004 jumuiya hiyo na Wizara ya Elimu zilianza majaribio ya elimu mjumuisho kwa msaada kutoka Norwei.

Mwaka 2006 elimu mjumuisho iliingizwa katika Sera ya Elimu ya Zanzibar. Mwaka huohuo ilitungwa Sheria Na. 9 ya haki za watu wenye ulemavu, na sheria mpya ikafuata mwaka 2022. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Kifungu chake cha 24 kinahusu elimu.

== Ufundishaji ==
Mwalimu huandaa mpango wa kumfundisha kila mtoto kulingana na uwezo wake. Ratiba ya picha humwonesha kitakachofuata: kusoma, kula, kucheza, kurudi nyumbani. Maagizo huwa mafupi, na mtoto hupewa pahali tulivu pa kupumzika kelele zinapomzidi.

Mbinu hizi ni rahisi, lakini ni ngumu kuzitumia katika darasa lenye wanafunzi wengi. Skuli nyingi za mjini husomesha kwa mikondo miwili, asubuhi na mchana. Mkondo ukibadilishwa, mtoto aliyezoea utaratibu mmoja huweza kuvurugikiwa kwa siku kadhaa.

== Skuli maalumu au mjumuisho ==
Kwingineko Afrika Mashariki vimeanzishwa vitengo vya usonji ndani ya skuli za umma. Jijini Nairobi, Chama cha Usonji cha Kenya kilishirikiana na Shule ya Msingi City kufungua kitengo mwaka 2003. Dar es Salaam kuna kitengo katika Shule ya Msingi Msimbazi Mseto.

Wanaotetea vitengo husema kwamba mtoto hupata mwalimu aliyesomea usonji na darasa dogo. Wanaotetea mjumuisho husema kwamba mtoto hubaki na ndugu na majirani ambao ataishi nao ukubwani, na kwamba watoto wa vijijini hawawezi kusafiri kila siku hadi mjini. Njia zote mbili zina sharti moja: mwalimu aliyeandaliwa. Bila yeye, mtoto huandikishwa skuli lakini hasomi.

== Tazama pia ==
* Usonji
* Elimu mjumuisho
* Elimu Zanzibar