Karti Moja ya Posta: Habari ya Ibadan, Mwaka 1961

Kijana akienda ng'ambo kujifunza kazi ya kusaidia watu, ana madeni mawili. Inampasa awajue wenyeji wake wapya, tena asiwasahau wazazi na rafiki aliowaacha. Sisi twadhani madeni hayo hayagombani. Lakini mwaka 1961 yaligombana kwa ajili ya karti moja ya posta.

Tarehe 1 Machi 1961 Rais Kennedy wa Marekani alianzisha Peace Corps, yaani shirika la watu wa kujitolea, akamweka Sargent Shriver kuwa mkubwa wake. Watu hao walitakiwa kukaa miaka miwili katika nchi ngeni, wakifundisha au wakifanya kazi nyingine, na kuishi karibu na wenyeji. Kikundi cha kwanza cha Nigeria kilianza mafundisho katika chuo kikuu cha Harvard. Kisha kikapelekwa Ibadan, kuyamaliza katika University College pamoja na wanafunzi wa nchi. Nigeria ilikuwa imepata uhuru wake tarehe 1 Oktoba 1960. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita.

Basi, katikati ya Oktoba 1961, binti mmoja wa kikundi hicho alimwandikia rafiki yake karti. Alieleza jinsi alivyoshtushwa na umaskini na uchafu wa mji, na jinsi watu walivyopika, walivyouza, hata walivyojisaidia barabarani. Karti ikaanguka kabla ya kutumwa. Mwanafunzi Mnigeria akaiokota. Ikanakiliwa, ikaenea chuoni kote. Wanafunzi wakakutana kwa hasira, wakadai wageni wafukuzwe. Wengine wakasema ni wapelelezi, na wengi hawakutaka tena kula nao. Binti yule akaomba radhi, akarudi kwao, naye Kennedy akamwandikia maneno ya kumtia moyo. Wenzake wakabaki, wakastahimili aibu, hata polepole mazungumzo yakaanza tena.

Tuseme nini sisi? Wako wanaosema kosa lilikuwa kutumia karti badala ya barua yenye bahasha. Neno hilo ni dogo mno. Bahasha huficha maneno, haiyafanyi kuwa ya haki. Wala hatusemi kwamba binti alidanganya, kwa maana umaskini ulikuwapo. Lakini aliandika yale macho yaliyoona katika siku chache, kabla masikio hayajasikia kitu. Mama anayeuza kando ya barabara huenda ndiye anayemlipia mwanawe masomo. Mgeni aliona barabara, hakumwona bado mama. Na wanafunzi wale, ambao jana tu walikuwa chini ya utawala wa wageni, waliisoma karti kama hukumu ya zamani iliyoandikwa tena.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku mbili za kwanza mgeni hutazama tu. Akishika jembe ndipo ajue ugumu wa udongo. Afadhali barua ndefu ya nyumbani ingojee jembe.

Peace Corps walifika kwetu Kongo mwaka 1970, wakaondoka mwaka 1991. Lakini tusiwahesabie wao peke yao. Watoto wetu nao huenda Ulaya kusoma, nao huandika baada ya juma moja kwamba watu wa huko hawasalimiani na huwaacha wazee wao peke yao. Je, wamekwisha kuingia nyumba ngapi? Tena siku hizi kuna simu, na picha moja huzunguka dunia kabla ya jioni. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo, ninyi vijana mnaosafiri, andikeni nyumbani mara kwa mara, maana mama anangoja. Semeni kweli, hata iliyo ngumu. Lakini andikeni maneno ambayo mwenyeji wenu akiyasoma ataweza kusema: yanauma, walakini huyu ametujua.